Mita Iko Wapi? Ruta za Majumbani na Haki ya Kuzichagua

Kila muhula, wanafunzi wanapohamia vyumba vya kupanga nje ya chuo, wapo wanaokuja ofisini kwangu kuniuliza wanunue ruta gani. Huuliza bei. Huuliza kasi. Huuliza kama yenye antena sita ni bora kuliko yenye mbili, swali ambalo wauzaji wa Kariakoo hulipenda mno, kwa kuwa antena huonekana na ubora hauonekani. Ambalo sijaulizwa hata mara moja ni hili: ruta hiyo ikishakaa chumbani mwangu, itakuwa ya nani?

Nalijibu hapa, mbele ya watu, kwa sababu naamini ni swali la mamlaka kabla halijawa swali la ufundi. Tumeingia katika utaratibu ambamo kifaa kinachosimama mlangoni mwa mawasiliano yote ya nyumba huchaguliwa, hupangwa na hufunguliwa na mtu asiyeishi humo. Tumeupokea bila mjadala, wala sijasikia upigiwe kura na yeyote. Nadai kwamba utaratibu huu ni batili, na kwamba mdhibiti anao uwezo wa kuuondoa.

Tuanze na kazi ya kifaa chenyewe. Ruta hupokea intaneti kutoka nje na kuigawa kwa simu, kompyuta na televisheni zilizomo ndani. Kila kinachoingia na kila kinachotoka hupita humo. Ni kweli kwamba siku hizi tovuti nyingi husimba mawasiliano kwa fiche, hivyo ruta haisomi maneno ya barua pepe yako. Lakini inajua vifaa vingapi vimo ndani ya nyumba, kipi ni simu na kipi ni kamera, kipi huamka saa kumi na moja alfajiri na kipi hukesha. Tena ndiyo inayoamua, usipoibadilisha, kwamba unapoandika jina la tovuti swali la "tovuti hii iko wapi" lipelekwe kwa seva ipi na lijibiwe na nani. Mtu ataniambia mtoa huduma huona safari zangu hata bila kuimiliki ruta. Huona baadhi, naam. Ila akiwa nje ya mlango huiona nyumba kama kitu kimoja. Akiimiliki ruta, huingia sebuleni na kuhesabu viti.

Sasa tazameni jinsi tulivyolimaliza jambo hili hili kwenye umeme. Mita ya LUKU ni ya TANESCO. Hilo halina ubishi. Ukiichokonoa, umevunja sheria. Lakini kuanzia mitani kwenda ndani, nyaya ni zako, swichi ni zako, pasi na friji ni zako. Shirika haliji kukuchagulia taa, wala halina ufunguo wa kuizima ya chumbani na kuiacha ya jikoni. Maji ni vivyo hivyo: mita ya mamlaka, kisha bomba lako, ndoo yako, tangi lako. Kila huduma inayoingia katika nyumba ya mtu ina mahali ambapo mali ya umma au ya kampuni inaishia na himaya ya mwenye nyumba inaanzia. Kwenye intaneti mpaka huo haujachorwa waziwazi, na penye mpaka usiochorwa mwenye nguvu husogeza kigingi. Kampuni zimekisogeza hadi juu ya kabati la televisheni.

Yaliyonipata mwenyewe ni mfano mdogo. Niliunganishiwa faiba nyumbani na kampuni ambayo sitaitaja, kwa kuwa hoja yangu haihusu kampuni moja. Fundi alikuwa kijana mwenye adabu na anayeijua kazi yake. Alipomaliza kuvuta waya alinionyesha kibandiko chini ya ruta.

"Mwalimu, nywila ya waifai ni hii hapa."

"Na ya kuingilia kwenye mipangilio ya ruta yenyewe?"

"Hiyo ni ya kampuni, Mwalimu. Hata sisi mafundi hatupewi."

"Nikitaka kubadilisha jambo saa tano usiku, baba?"

"Unapiga huduma kwa wateja. Wao wanaingia kutoka huko huko ofisini."

Wanaingia kutoka huko huko ofisini. Kijana wa watu aliyasema kama faraja. Niliandika kuomba nitumie ruta yangu mwenyewe nikajibiwa, kwa ufupi, kwamba kwa usalama wa mtandao vifaa vyote lazima viwe vya kampuni. Ruta yenyewe iliitwa "ya bure", na mkataba ukaeleza kwamba nikivunja makubaliano niirudishe au niilipie. Kitu cha bure ambacho hukimiliki wala hukifungui, Kiswahili kina neno lake: amana. Tofauti ni kwamba hapa aliyewekewa amana ndiye anayelipa kila mwezi.

Njia wanayoingilia haina siri. Kuna itifaki iitwayo TR-069, iliyotolewa mwaka 2004 na jukwaa la kampuni za mawasiliano, ambayo humwezesha mtoa huduma kuisoma ruta iliyo nyumbani kwako, kubadilisha mipangilio yake na kuiwekea programu mpya akiwa mbali. Ilibuniwa kwa nia inayoeleweka: kumsaidia mteja asiyejua kubofya. Sina ugomvi na msaada. Nina ugomvi na msaada usioweza kuukataa, usioarifiwa unapotolewa, na usiokuachia kumbukumbu ya nani aliingia, lini, akafanya nini.

Kwa wasomaji wangu wa aina tatu jambo hili lina uzito tofauti. Mtumishi wa umma anayerudi nyumbani na faili kwenye kompyuta mpakato amefundishwa kwamba taarifa za Serikali zina ulinzi. Tuna Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019, tuna mamlaka inayoisimamia, tuna miongozo. Mlolongo huo wote mzuri hukoma pale anapofika nyumbani na kuunganisha kompyuta ile kwenye kisanduku ambacho mwenye nywila yake kuu ni mtu asiyemjua. Mwanaharakati, yule anayepokea ushahidi wa mwanakijiji aliyenyang'anywa shamba, ana sababu ya kutaka idadi ya simu zilizoingia nyumbani kwake Jumamosi ibaki siri ya nyumba. Mwanafunzi ana shida ya kifedha kuliko zote: hununua ruta ya laini iliyofungwa isikubali kadi ya mtandao mwingine, na mtandao ule ukipandisha bei ya vifurushi au mnara ukilemewa, kifaa alichokilipia kwa fedha za kujikimu hugeuka kizuizi cha mlango.

Na kuna tatizo ambalo halichagui cheo. Mwaka 2016 lilionekana wazi kwa namna ambayo Mwafrika hapaswi kuisahau. Programu hasidi iitwayo Mirai ilikuwa ikizunguka duniani ikitafuta kamera na ruta zilizoachwa na nywila za kiwandani, zile "admin" na "1234" ambazo hakuna aliyezibadilisha, na kuziunga katika jeshi la kushambulia mitandao. Mwingereza mmoja, Daniel Kaye, alilitumia jeshi la namna hiyo dhidi ya Lonestar, kampuni ya simu ya Liberia, kwa malipo kutoka kwa mtu wa ndani ya kampuni shindani. Alipotaka kuliongezea askari, Novemba 2016, mashambulizi yake yalizigonga ruta ambazo Deutsche Telekom ilikuwa imewasambazia wateja wake nchini Ujerumani. Mlango uliogongwa ulikuwa ule ule unaotumiwa kwa usimamizi wa mbali. Programu yake haikufaulu hata kujipandikiza. Jaribio lenyewe liliziangusha, na takriban wateja 900,000 wakapata hitilafu ya intaneti. Mahakama ya Uingereza ilimhukumu miezi 32 jela Januari 2019.

Fikirini mnyororo huo. Ushindani wa kampuni mbili Monrovia, mtu mmoja wa kukodiwa, na bibi wa Kijerumani anabaki bila simu kwa sababu ya kifaa ambacho hakukichagua. Askari wa jeshi lile walikuwa vifaa vya watu wa kawaida, waliolala wakidhani taa ya kijani ni dalili ya afya. Mwaka mmoja na nusu baadaye, Mei 2018, ikagunduliwa programu nyingine, VPNFilter, katika vifaa visivyopungua 500,000 kwenye nchi zisizopungua 54, na FBI ya Marekani ikalazimika kuwaomba wananchi wazime ruta zao na kuziwasha tena. Shirika la upelelezi lenye bajeti inayozidi ya wizara zetu nyingi likawa halina silaha ya haraka kuliko ile anayoitumia mjomba kwenye king'amuzi.

Kwa hiyo wanaponiambia kwamba ruta ya kampuni ni salama kwa kuwa ni ya kampuni, huwauliza: salama kwa ushahidi gani? Ruta milioni moja za aina moja, zenye mlango mmoja unaofunguliwa kutoka mahali pamoja, ni shamba la zao moja. Mdudu mmoja akilipenda, hakuna kinachobaki. Wakulima wetu walioona migomba ya kijiji kizima ikinyauka kwa ugonjwa mmoja wanalielewa hilo bila mhadhara.

Nchi nyingine zimeupita mjadala huu, na inafaa tujue zilipitaje. Nchini Marekani, AT&T ilimiliki hadi simu iliyokaa mezani kwa mteja, ikapiga marufuku kuiambatishia chochote. Ilifika mahali pa kupigana kisheria na kikombe cha kuzuia sauti kilichoitwa Hush-A-Phone, ambacho mtu alikipachika kwenye mdomo wa simu ili mwenzake wa ofisini asisikie. Tume ya mawasiliano ikaiunga mkono kampuni. Mahakama ya rufani ikaitengua tume mwaka 1956. Mwaka 1968 ukaja uamuzi wa Carterfone, ulioruhusu kifaa cha mtu mwingine kuunganishwa na mtandao wa simu mradi hakiudhuru. Kampuni ilikuwa imetabiri kwamba mtandao utaharibika. Yaliyofuata ni mashine za kujibu simu, faksi na modemu, yaani vifaa vilivyotuvusha hadi kwenye intaneti hii tunayogombania leo. Utabiri wa maangamizi una historia ndefu, na aghalabu hutolewa na mwenye kukusanya kodi ya pango.

Wajerumani waliupa ugonjwa huu jina, Routerzwang, yaani kulazimishwa ruta. Kampuni zao zilidai kwamba mtandao wa umma unaishia nyuma ya ruta, hivyo ruta ni sehemu ya mtandao, hivyo ni yao. Watetezi wa programu huria na watengenezaji wa vifaa wakapinga kwa miaka. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2015/2120 ikampa mtumiaji haki ya kutumia kifaa anachokichagua, na sheria ya Ujerumani iliyoanza kutumika 1 Agosti 2016 ikaweka kigingi mahali pake: mtandao unaishia kwenye tundu la ukutani. Mbele ya hapo ni kwako, na kampuni inawajibika kukupa taarifa unazohitaji ili kifaa chako kiunganishwe. Ni hoja ya mita ya LUKU, ikiwa imeandikwa kwa Kijerumani cha sheria.

Waingereza wakaja na upande mwingine wa jambo. Tangu 29 Aprili 2024, sheria yao inakataza kuuza kifaa cha intaneti chenye nywila moja ya kiwandani kwa wote au inayokisika kirahisi, inamtaka mtengenezaji aseme kasoro ziripotiwe wapi, na inamtaka atangaze kifaa kitapewa masasisho ya usalama hadi lini. Hili la mwisho ndilo ninaloliona kubwa. Ununuapo maziwa ya pakiti unasoma tarehe ya mwisho. Ununuapo ruta, ambayo programu yake huoza kwa hakika kama maziwa, unasoma kasi ambayo hutaipata.

Zipo pingamizi, nami sipendi kuzikwepa. Ya kwanza ni kwamba wananchi hawajui teknolojia, wakipewa uhuru wataharibu. Umeme unaua, ruta haiui. Hata hivyo kwenye umeme hatukusema nyaya zote za nyumbani ziwe za shirika. Tumeweka viwango kwa nyaya na leseni kwa mafundi, kisha tukamwachia mwenye nyumba aamue. Anayetaka kampuni imsimamie ruta yake na aendelee kusimamiwa, kwa hiari na kwa maandishi. Haki ya kuchagua haimlazimishi mtu kuchagua.

Ya pili ni masafa ya redio: kwamba watu wakifungua ruta wataongeza nguvu na kuingilia mawasiliano mengine. Hofu hii ina msingi, na ndiyo maana naunga mkono vifaa kuidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano. Lakini kulinda masafa hakuhitaji kufunga programu yote. Mwaka 2016 tume ya mawasiliano ya Marekani iliitoza TP-Link dola 200,000 kwa ruta zilizoweza kuvuka kiwango cha nguvu, na katika makubaliano yale yale kampuni ikakubali kufanya kazi na jumuiya za programu huria ili ruta zake ziweze kuwekewa programu za watu wengine. Mambo mawili yakakaa katika karatasi moja bila kupigana.

Ya tatu hunijia kutoka kwa wanaharakati wenzangu: tununue ya Mchina au ya Mmarekani? Wanaouliza hivi wamezisoma habari za Huawei, na wanasahau nyaraka alizotoa Edward Snowden, zilizoonyesha jinsi shirika la ujasusi la Marekani lilivyokuwa likizikamata ruta njiani zikisafirishwa kwa wateja wa nje, likazipachika vifaa vya kusikiliza, kisha likafunga maboksi upya. Bendera iliyo kwenye boksi hainipi usingizi. Hunipa usingizi nikijua kwamba programu iliyomo inaweza kukaguliwa na watu wengi wasiohusiana, na kwamba naweza kuiondoa.

Uwezo huo upo, na ulipatikana kwa njia ya kufurahisha. Ruta ya Linksys WRT54G, iliyotoka mwishoni mwa mwaka 2002, iligunduliwa na waandishi wa programu kwamba ndani yake mna Linux, ambayo leseni yake humtaka anayeisambaza aweke wazi msimbo wake. Kampuni ikadaiwa, msimbo ukatolewa, na mwaka 2004 ukazaliwa mradi wa OpenWrt, ambao hadi leo hutoa programu huria kwa mamia ya aina za ruta. Mwaka 2024 mradi huo ukatoa hata ruta yake, OpenWrt One. Watu waliodai haki iliyoandikwa kwenye leseni walitufungulia mlango tunaoupita bure.

Nije nyumbani. Wapo watakaosema mdhibiti wetu hana uwezo wa kuingia katika mambo madogo kama haya. Mdhibiti huyu huyu, Juni 2016, alizima simu bandia nchi nzima kwa kuzitambua moja moja kwa namba zake. Mwaka 2017 aliweka utaratibu wa mteja kuhama mtandao bila kubadilisha namba, kwa msingi kwamba namba ni ya mteja. Wenzetu wa Kenya walikuwa wameufanya tangu 2011. Hadi Januari 2020 Watanzania walikuwa wamepanga foleni kutoa alama za vidole ili laini zao zisifungwe. Mwananchi ameulizwa kidole. Ruta haijaulizwa nywila yake ya kiwandani ni ipi, itasasishwa hadi lini, na nani mwingine ana ufunguo. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na tume yake. Orodha ya vifaa vya nyumba na saa vinapoamka, kama si taarifa binafsi, sijui neno hilo lina maana gani.

Sheria haitabadilika kabla ya muhula ujao, kwa hiyo nimjibu yule mwanafunzi. Hesabu ya antena iache. Uliza kwanza kama ruta ya laini imefungiwa mtandao mmoja. Muuzaji akisitasita, imefungiwa. Kisha chukua jina kamili la ruta pamoja na namba ya toleo iliyo kwenye kibandiko, maana viwanda hubadilisha vya ndani na kuacha jina lile lile, uangalie kwenye tovuti ya mtengenezaji programu yake ilisasishwa lini mara ya mwisho. Ikiwa ni miaka mitatu nyuma, unanunua maziwa yaliyoganda. Halafu tafuta toleo hilo hilo katika orodha ya vifaa vinavyokubali OpenWrt, hata kama hujapanga kuiweka leo: ndiyo itakayoifufua ruta mtengenezaji akiitupa. Hapo zingatia kumbukumbu yake, isipungue megabaiti 16 za kuhifadhia na 128 za kufanyia kazi. Kwa nyumba zetu za tofali za saruji, masafa ya gigahezi 2.4 hupenya kuta kuliko ya 5, ambayo ni ya kasi lakini huchoka mapema. Ruta yenye yote mawili, ikiwekwa katikati ya nyumba badala ya pembeni nyuma ya televisheni, hushinda ya bei mbaya iliyofichwa kabatini. Ruta nyingi hutumia volti 12, hivyo betri ndogo ya kuishikilia umeme ukikatika haigharimu kama inverta.

Ukishaiwasha, badilisha nywila ya mipangilio kabla ya ya waifai, zima usimamizi wa mbali na kile kitufe cha kuunganisha bila nywila, na uwatengee wageni waifai yao. Mnaopanga nyumba moja watano, kubalianeni mapema nani anashika nywila kuu na kwa masharti gani; nimeona urafiki wa miaka ukivunjika kwa jambo hilo, na nimeona wenye nyumba wakilitumia kujua mpangaji amelala na nani.

Na kama mtoa huduma amekataa ruta yako, omba kifaa chake kibaki kazi ya kugeuza mwanga wa faiba tu, hali ambayo mafundi huiita daraja. Akikataa hilo pia, zima waifai yake na uchomeke ruta yako nyuma ya ile yake. Yake itaona kifaa kimoja tu, na nyumba yako itabaki upande wa pili. Baadhi ya michezo na kamera za kutazamwa kutoka mbali zitakusumbua. Mimi naishi hivyo, na kamera sina.

Barua yangu kwa Mamlaka ya Mawasiliano ina madai manne: itamkwe katika kanuni kwamba mtandao wa mtoa huduma unaishia kwenye tundu la ukutani au kifaa cha kugeuza mwanga, ruta isiidhinishwe kuingia sokoni ikiwa na nywila ya pamoja au bila tarehe ya mwisho ya masasisho kuandikwa juu ya boksi, na ruta ya laini ifunguliwe bila malipo mara mkataba unapokwisha, na kila mtoa huduma anayeingia kwenye ruta ya mteja aache kumbukumbu ambayo mteja anaweza kuisoma. Nakala nitampa yeyote atakayeiomba. Mtumishi wa umma asiyetaka jina lake lionekane anaweza kuzichukua hoja hizi, akaziandika kwa lugha ya dokezo la ofisi, na kulipitisha kwa wakubwa zake bila kunitaja.